Bi Somoe na Chokaa Yenye Kiu

Chokaa iliyokunywa haiogopi mvua.

Methali hii ilianza hivi, na mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jana msibani mmeisikia ikisemwa visivyo. Nilikuwepo. Nilimwona yule bwana mwenye kanzu iliyopigwa pasi akiwaambia ndugu za marehemu wasiulize kwa nini jukwaa la ujenzi lililomwangusha lilifungwa kwa kamba mbovu. Watulie, ati, maana chokaa iliyokunywa haiogopi mvua. Nikataka kusimama pale pale. Mjukuu wangu Zamda akanivuta shati, akaninong'oneza, "Babu Chande, kaa, watu wana msiba." Nikakaa. Leo Zamda amekuja na wenzake kuniuliza methali ilitoka wapi. Vyema. Ilitoka hapa hapa Kitunguli, na aliyeitamka mara ya kwanza nilikuwa nimesimama naye chumba kimoja.

Ninyi mmezaliwa saruji imeshafika. Sisi tulijenga kwa chokaa. Tulichimba mawe ya matumbawe, tukayapanga juu ya magogo mpaka yakawa kilima, hilo ndilo tanuu, kisha tukatia moto. Likishapoa, mawe yametoka meupe na mepesi, ukiyatazama unadhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Hiyo ni chokaa yenye kiu. Ikiguswa na maji inanguruma, inatoa moshi, inapasuka, na kama kuna gunia karibu linashika moto. Kwa hiyo wanawake waliinyunyizia maji kwa kopo, kidogo kidogo, siku nzima, mpaka jiwe likaanguka lenyewe likawa unga. Hapo tunasema imekunywa. Iliyokunywa unaweza kuilaza nje masika mazima. Inalowa, inakaa kimya, basi.

Kazi ya kunyunyizia ilikuwa ya wanawake kumi na wawili, na mkubwa wao alikuwa Bi Somoe binti Mpendu. Miaka ishirini na miwili alisimama katika ule moshi, kitambaa cha kanga puani, na kanga haizuii kitu. Mwaka ninaousema kifua chake kilikuwa kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mimi nilikuwa mpanga mawe. Shule sikuiona, kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na sheria ya kazi niliisoma katika kitabu nilichoazima kwa karani mmoja, nikakinakili chote kwa mkono. Yule karani bado ananidai kitabu chake kaburini huko.

Tajiri wa matanuu alikuwa Bwana Lukanga. Vibanda tulivyolala ni vyake, maji ya kisima ni yake. Tulimwomba vitambaa vizito vya pua, maziwa ya kusafisha kifua, na matibabu kwa waliokwisha kuumia. Akasema maziwa ni ya watoto wachanga. Basi nikaandika barua wilayani. Baada ya miezi minne, jibu likaja: afisa wa kazi atafika Kitunguli siku ya Alhamisi. Aonyeshwe mtu aliyeumizwa na kazi hiyo, amsikie mwenyewe. Kama mtu huyo hawezi kusema, yaletwe maelezo yake yenye alama ya dole gumba, mbele ya mashahidi wawili.

Mtu huyo ni nani kama si Bi Somoe? Wengine kumi na mmoja walikuwa wanakohoa, lakini bado wanatembea. Angeweza kutazamwa yeyote kati yao na kuambiwa ana mafua.

Jumatatu nilikimbia na barua mkononi mpaka kwake. Nikakuta sanda imetandazwa juani kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikaingia bila hodi. Bi Somoe yuko kitandani, ameegemea mto, anakula embe bichi kwa chumvi. Pembeni ameketi Nangumi, mwenzake wa kazi, mwanamke mwenye mdomo usiolala.

"Ile sanda ya nani?" nikauliza.

"Yangu," akasema Bi Somoe. "Ilikuwa inanuka sanduku. Nataka nikivaa inuke jua."

Nikamtazama Nangumi anisaidie. Nangumi akainua mabega. "Usinitazame mimi. Tangu asubuhi yuko hivyo. Nimelia, ameniambia nikimaliza nimkatie embe jingine."

Nikamsomea barua. Akasikiliza yote, akatikisa kichwa. Akasema, "Nakwenda zangu, Chande. Kama si Jumatano ni Alhamisi. Najiona."

"Bi Somoe, subiri Alhamisi ipite!"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipopumua akasema, "Nimwambie mjumbe wa Mola arudi Ijumaa, Chande ana mkutano?"

"Basi niandike sasa hivi. Nina karatasi. Sema tu, nami nitaandika."

"Kwanza radhi. Karatasi baadaye."

Mnajua desturi yetu. Anayeaga dunia na akili zake timamu huita watu aombane nao radhi. Kila mmoja anasimama mlangoni, yeye anasema, kama nilikukosea nisamehe, na mimi nimekusamehe. Unajibu, nimekusamehe duniani na akhera. Hilo sikulikataa. Niliona litachukua nusu siku. Lakini akaanza kutaja majina, na jina la tatu likawa Lukanga.

Wajukuu zangu, nilihisi nimepigwa kofi. "Umwombe radhi yule?"

"Kuna siku nilimwita mbwa mbele ya wafanyakazi wake."

"Alikuwa mbwa!"

"Alikuwa mtu. Na mimi nataka kumsamehe lake. Nendeni mkamwite."

"Amekuua, Bi Somoe. Unaelewa? Vumbi lake ndilo linalokuua. Unataka kumpa mkono anayekunyonga?"

Akanitazama kwa upole, na ule upole ndio ulionitia hasira zaidi. Akasema, "Sauti yako kubwa, mwanangu. Ukipiga kelele nashindwa kukusikia."

Nilitoka nimechanganyikiwa. Nilizoea watu wanaoogopa. Mtu mwenye hofu nilijua la kumwambia. Nilizoea watu wenye hasira. Hao walikuwa ndugu zangu. Huyu hakuwa na hofu wala hasira, na sikujua nimshike wapi. Nikawaza: ndiyo hivyo tumeshindwa. Amechoka. Anataka kufa vizuri, sisi tubaki tunakohoa.

Na si mimi peke yangu. Jioni ile wanawake walikutana kisimani wakabishana. Mmoja anasema Bi Somoe amefunuliwa jambo. Mwingine anasema amerogwa na Lukanga. Mwingine akasema, "Ikiwa mkubwa wetu amemsamehe, sisi tunashitaki nini? Tutaonekana wenye roho mbaya." Wanne wakaniambia nifute majina yao katika barua. Niliwatukana. Nasema ukweli, niliwatukana vibaya, na mpaka leo nawakumbuka kwa majina, nao wameshakufa, na sikuwahi kuwaomba radhi.

Jumanne watu walipita mlangoni kwa Bi Somoe. Aliwaaga wote. Kila nikichungulia nauliza, "Sasa tuandike?" Ananiambia, "Bado mmoja." Sauti yake ilikuwa inapungua. Nilihesabu maneno yake kama mtu mwenye mtungi uliotoboka anavyoyatazama maji yake.

Jumatano, baada ya adhuhuri, Lukanga akaja. Hakuja mikono mitupu. Alikuwa na kilo mbili za sukari, na chini ya kwapa karatasi iliyopigwa taipu, na mfukoni kikopo bapa cha wino, kile cha kubandikia dole gumba. Habari za afisa zilikuwa zimemfikia. Kitunguli haina siri. Wanawake wote wa chokaa waliacha kazi wakamfuata nyuma, wakajaa chumbani. Mimi nilikuwa nimesimama kichwani mwa kitanda.

Bi Somoe akamtolea mkono. "Bwana Lukanga, nilikuita mbwa. Nisamehe."

Lukanga hakutarajia. "Nimekusamehe, bibi. Duniani na akhera."

"Nami nimekusamehe lako kwangu. Duniani na akhera."

Nilifumba macho. Niliposikia karatasi inakunjuliwa nikayafumbua. Lukanga sasa ana uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. "Allah akulipe, bibi. Basi tumalize na haka kakaratasi, ni kitu kidogo tu, ili wanaokutumia wasipate la kusema." Akasoma: "Mimi, Somoe binti Mpendu, nathibitisha kwamba maradhi yangu ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, na hayakutokana na kazi ya mtu yeyote."

Akafungua kikopo cha wino. Akaushika mkono wa Bi Somoe. Na Bi Somoe hakuuvuta! Aliuacha ukining'inia katika kiganja cha Lukanga kama kitambaa. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu anasema, "Yarabi." Nikajisemea, Chande, umepoteza miaka yako.

"Isome tena," akasema Bi Somoe.

Akaisoma tena.

"Ya kwanza ni kweli," akasema. "Kufa kwangu ni kwa Mungu, na nimekubali. Ya pili si kweli. Vumbi lilitoka uani kwako."

"Lakini bibi, umenisamehe sasa hivi! Watu wote wamesikia. Unanidai nini tena?"

"Mimi sikudai. Langu nimekuachia lote, nenda nalo. Ila hawa kumi na mmoja wana vifua vyao. Vile si vyangu, Bwana Lukanga. Nawezaje kusamehe kisicho changu?"

Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa bado. Nilisikia maneno, lakini yalikuwa hayajanifika.

Lukanga akauachia mkono. Akabadilika sauti. "Unajua kibanda hiki ni changu? Naweza kukutoa humu leo."

"Nitatoka. Siku hizi mbili nitatoka, wala sitarudi kukusumbua."

Nangumi akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mnanicheka? Mazishi nani atagharimia? Mimi shilingi sitoi!"

"Sanda ninayo. Shimo watachimba vijana. Na mkeka nina wangu, umechakaa kidogo, lakini siendi harusini."

"Hata mazikoni sitakuja!"

"Njoo," akasema Bi Somoe, na alisema kweli, hakuwa anadhihaki. "Njoo, tumeshasameheana."

Lukanga alimtazama jinsi nilivyomtazama mimi Jumatatu. Alikuwa anatafuta pa kumshika. Mtu uliyezoea kumtisha kwa kibanda, kwa maji, kwa kazi, ghafla hana hata kimoja unachoweza kumnyang'anya. Akanigeukia mimi, nadhani alikuwa karibu kunifukuza kazi, na hapo mvua ikaanguka.

Haikuwa mvua ya majira. Wingu moja tu lilitoka baharini likamwagika lote. Mara tukasikia kutoka uani ule mngurumo. Tanuu lilikuwa limefunguliwa asubuhi ile. Mawe yenye kiu yamelala wazi, turubai limekunjwa pembeni, na wa kulitandika wote wamesimama chumbani kwa Bi Somoe. Lukanga akapiga ukelele. Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Tukachungulia dirishani. Lundo la chokaa yenye kiu lilikuwa linaruka kama samaki ndani ya wavu. Moshi mweupe, mawe yanapasuka, magunia yameanza kuungua, na Lukanga katikati anahangaika na turubai, analia, anaita watu. Na hatua kumi tu kutoka pale lilikuwepo lundo la jana, ile iliyokunywa. Mvua ile ile inaipiga. Imetulia, kimya.

Nangumi alitazama lundo hili, akatazama lile, akamgeukia Bi Somoe kitandani. Hakuwa anatafuta hekima. Alikuwa anashangaa tu, kama sisi sote. Akasema polepole, "Haa. Chokaa iliyokunywa haiogopi mvua."

Ndiyo hiyo. Ilisemwa hivyo, na mwanamke mwenye masizi usoni, kwa mwenzake anayekufa.

Tukaanza kucheka. Mimi nilicheka mpaka machozi, nikasema muacheni aungue na mali yake. Bi Somoe akanikata. "Nendeni mkamsaidie. Moto ule utafika kwenye makuti ya watu."

"Bi Somoe!"

"Nendeni, Chande."

Tukaenda. Mnaona kovu hili? Si la polisi, kama mnavyosimuliana. Ni la gunia la Lukanga. Nilikuwa nalivuta huku namlaani mwenyewe, naye ananiambia ahsante, ahsante, na hakuna kati yetu aliyejua tulikuwa tunafanya nini.

Tuliporudi, tumelowa, Bi Somoe akasema, "Haya. Karatasi."

Kikopo cha wino cha Lukanga kilikuwa pale pale kitandani, amekisahau. Nikaandika. Alisema kwa kifupi: mwaka alioanza, siku alipotema damu mara ya kwanza, wenzake wawili waliotangulia na jinsi vifua vyao vilivyokuwa. Nilipojaribu kutia neno kali alinizuia. "Hilo sikulisema. Lifute." Akabandika dole gumba, na Nangumi na mwenzake mmoja wakabandika ya kwao kama mashahidi.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema Jumatatu? Ungeweza kufa jana, yote yapotee."

"Jumatatu nilikuwa bado namchukia. Ningekuandikia na uongo humo humo. Ningesema alinipiga, na hakunipiga. Wangekamata uongo mmoja wakatupa kweli zote."

"Na huogopi?"

Akasema, "Niliogopa sana. Mwaka alipokufa mwanangu nilikuwa kama lile lundo la leo; aliyenigusa aliungua. Wewe si mnyunyizaji, Chande, hujui. Chokaa ukiimwagia ndoo nzima inaruka machoni pako. Inataka kopo. Basi kila asubuhi nikijifunga kanga nilikuwa najiambia, Somoe, huenda siku yako ni leo. Kopo moja. Kesho tena kopo moja. Miaka mingi. Sasa limebaki jiwe gani la kupasuka?"

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, shahada mdomoni. Nangumi alikuwa anamsomea, akasema hakuona pumzi ilipokatika.

Afisa alifika mchana akakuta mikeka nje. Akauliza, "Mgonjwa wenu yuko wapi?" Nikamwonyesha mlango, nikampa karatasi. Alikaa na sisi mkekani akaisoma mara mbili, akawaita wanawake mmoja mmoja. Wale wanne walirudi wenyewe. Miezi mitatu baadaye vitambaa vikaja, na maziwa, kikombe kimoja kwa kila mtu kila siku. Matibabu hayakuja. Mpaka leo hayajaja. Nayakumbuka.

Na Lukanga alikuja mazikoni, mkono umefungwa bendeji, akatupa udongo mara tatu kama wengine. Nilisimama upande wa pili wa kaburi, nataka kumkaba, na siwezi, kwa sababu aliyelala mle alikwisha kumwachia. Nimefikiri jambo hilo kwa miaka arobaini na kitu. Bado sijui kama alitukosea sisi au alitufundisha. Siku nyingine naamka na jibu, ikifika jioni limenitoka.

Lakini moja nalijua, na ndilo nililotaka kumwambia yule bwana wa jana. Bi Somoe alitulia kwa kifo chake mwenyewe. Hakumtuliza mtu kwa kifo cha mwingine. Ukimwendea mama ambaye mwanawe ameanguka jana kutoka kwenye jukwaa bovu ukamwambia tulia, hujamnywesha, umemmwagia ndoo. Na ukimwambia asiulize habari za kamba, wewe ni Lukanga na kikopo chako cha wino. Kesho nakwenda kwa ndugu za marehemu na karatasi. Atakaye anifuate.

Zamda akaniuliza, "Na wewe, babu? Wewe umekunywa?"

Nikamwambia mafundi wa chokaa hawapimi kwa macho. Huweka kiganja juu ya lundo, wakangoja. Akaweka kiganja chake hapa kifuani pangu, mbele ya wenzake, hana hata haya. Akangoja.

"Bado moto, babu."

Najua. Nimechelewa kuanza, na kopo langu dogo. Ndiyo maana wingu likipita napiga kelele, ilhali Bi Somoe alikula embe. Nendeni mkaiseme, ila mkiisema mjue ni ya nani: chokaa iliyokunywa haiogopi mvua.